Hakuna Anayebonyeza Ghorofa ya Tatu

Siku ile nilitolewa pepo mchana kweupe, nimevaa glavu za mpira, kabichi mkononi.

Pepo mwenyewe sikuwa naye.

Nilikuwa nalia tu. Basi.

Sikieni nilivyofika hapo, maana najua wapo watakaosema bibi huyu anatunga.

Ulikuwa msimu wa kutengeneza kimchi. Kijijini kwetu, huku milimani Gyeongsang, Korea, wanawake wote hukusanyika uani kwa Shemasi Pyo, mama mwenzetu wa kanisani. Tunasuuza kabichi zilizolala kwenye chumvi, tunazipaka pilipili jani kwa jani, huku tunasengenya. Kusengenya ndiyo kazi yenyewe. Kabichi ni kisingizio.

Nilishika kabichi yangu nikasimama nayo. Mkono ukagoma. Nikaikodolea macho kama kitu nisichokijua, na machozi yakaanza kushuka yenyewe, bila sauti, yanadondokea kwenye beseni la pilipili.

"Wee Mama Tae-seop, unatuongezea chumvi ya nini? Si tulishaweka?"

Huyo ni Mama Dong-pil. Mdomo wake haujapumzika tangu aolewe.

Wakacheka. Mimi nikaendelea kulia.

Kicheko kikakatika.

"Chakula kimemkwama kifuani," Shemasi Pyo akatangaza. "Leteni sindano."

Kwetu kila kitu ni chakula kimekwama. Umegombana na mkwe wako, chakula kimekwama. Mwanao hapigi simu, chakula kimekwama. Dawa yake ni kupigwa ngumi mgongoni, kufungwa uzi kwenye kidole gumba, kisha kuchomwa sindano karibu na ukucha mpaka itoke damu nyeusi. Ikiwa nyeusi kweli, wote wanaguna kwa kuridhika kama madaktari bingwa.

Walinichoma kidole gumba. Nikalia.

Wakahamia kidole kingine. Nikalia.

Vidole vilipowaishia, Shemasi Pyo akaniwekea kiganja usoni, kiganja kile kile chenye pilipili, akapaza sauti: "Toka! Wewe roho wa huzuni, toka!"

Kilichotoka ni kamasi.

*

Nina miaka sabini na kitu. Utotoni shule sikwenda. Kaka zangu walikwenda, mimi nikabaki na mdogo wetu mgongoni. Kusoma nimejifunza uzeeni, kwenye darasa la jioni pale ofisi ya kata.

Nilikuwa na sababu moja tu ya kwenda. Nilitaka kusoma Neno la Mungu kwa macho yangu mwenyewe, nisisubiri kusomewa na watu wanaoruka mistari inayowasuta.

Siku niliposoma ukurasa mzima bila kusaidiwa, nilipiga magoti jikoni nikamshukuru Mungu mpaka wali ukaungua.

Halafu vuli ile herufi zikaanza kunikimbia.

Naangalia neno ninalolijua, halisomeki. Naanza mstari, nikifika katikati nimesahau ulipoanzia. Usiku nahesabu mbao za dari. Chakula mdomoni kama karatasi.

Mume wangu nilikuwa nimeshamzika, miaka kadhaa nyuma. Msibani sikulia. Nilikuwa napakua supu. Waombolezaji wa kwetu wanakula, tena wanaongeza. Mtu anakupa pole huku amenyoosha bakuli.

"Pole sana, Mama Tae-seop. Alikuwa mtu mwema. Nyama kidogo tu, hapo hapo."

Nikapakua. Walipoondoka, nikaosha vyombo. Vilipokauka, ulikuwa msimu wa kupanda vitunguu saumu.

Sasa yale niliyoyaweka kando siku ile yakaja kunidai, na hayakupiga hodi.

*

Pepo alipokataa kutoka, Shemasi Pyo akatafuta maelezo mengine. Yeye si mtu wa kukosa maelezo. Ndiye mwenyekiti wa ukumbi wa wazee, ndiye kiongozi wa maombi, na kama kijiji kingekuwa na jeshi la majini angekuwa jemadari.

Tulikuwa ukumbini, tumekaa sakafuni penye joto, wenzangu wanacheza karata.

"Nimeomba, nimeonyeshwa," akasema, huku anatupa karata. "Ni ugonjwa wa kusahau. Herufi zimempotea, hajui ameshika nini, analia ovyo. Kichwa kinaondoka hicho."

Nisiwasingizie. Niliwaona kwa macho yangu wakishusha pumzi.

"Aa! Kumbe ni kusahau tu!" Mama Dong-pil akasema, kwa furaha kabisa, kama ameambiwa nimeshinda bahati nasibu. "Nilidhani ni mambo mengine."

Mambo mengine! Mnaelewa? Kwetu kusahau kuna heshima. Kusahau ni uzee, kunampata hata mwalimu mkuu. Lakini huzuni? Huzuni ni wazimu, wazimu uko kwenye damu, na damu ina wajukuu wanaotaka kuolewa. Bora ubongo wako uoze kwa adabu.

Mmoja tu ndiye hakushusha pumzi. Mama Ui-cheol, mwenzangu wa darasa la jioni, mnyamavu, mwembamba kama kijiti cha mwavuli. Aliinamisha kichwa akachezea kikombe chake cha chai ya shayiri.

Shemasi Pyo akampigia simu mwanangu.

*

Tae-seop alikuja Jumapili kutoka Seoul. Ana shahada, ana gari jeusi, ana sauti ya mtu anayezungumza na mteja.

"Mama, nimepata mahali pazuri. Safi. Kuna kitanda karibu na dirisha."

"Dirisha linatazama nini?"

"Maegesho ya magari."

Nyumba ya kulelea wazee. Sisi wote tunazijua. Unaingia kwa miguu yako, unatoka umebebwa.

"Na nyumba hii?"

"Tutaona, Mama. Nyumba bila mtu inaharibika. Tukimaliza sikukuu ya Mwaka Mpya nakuja kukuchukua."

"Mimi sijaugua kusahau, mwanangu."

"Kila mwenye ugonjwa huo anasema hivyo," akanijibu kwa upole. Upole ule ndio ulioniuma. Ungempiga mtu kofi kwa upole ule.

Basi nikabaki na msimu mmoja wa baridi kuonyesha kwamba akili zangu ninazo. Nikishindwa, nyumba yangu inauzwa nami nakwenda kutazama maegesho mpaka nife.

Asubuhi yake nikaenda kanisani kwenye maombi ya alfajiri kama kawaida yangu. Niliomba hivi, neno kwa neno:

"Baba, kama ni pepo, mtoe wewe, hawa wameshindwa. Kama ni kusahau, nikumbuke wewe. Kama ni ugonjwa wenye dawa, nionyeshe mlango."

Sikusikia sauti yoyote. Likanijia kichwani jengo moja la mjini.

*

Jengo lenyewe kila mtu wa upande wetu analijua. Chini ni duka la dawa. Ghorofa ya pili ni daktari wa mifupa. Ghorofa ya tatu ni daktari wa afya ya akili.

Siku za soko linajaa vibibi kutoka vijiji vyote. Wote wanakwenda kwenye magoti. Ukimuuliza yeyote, ni magoti.

Na kuna sheria ambayo haikuandikwa popote. Kwenye lifti, hakuna anayebonyeza tatu.

Niliingia na vibibi wengine, nikasimama kama mtu mwenye magoti. Kidole kimoja kikabonyeza mbili. Tukashuka wote ya pili. Nikajifanya natazama picha ya uti wa mgongo ukutani mpaka lifti ikafunga, kisha nikasukuma mlango wa ngazi nikapanda kwa miguu.

Mimi, mtu mzima, mtoto wa Mungu, nanyata kwenye ngazi kama mwizi wa kuku.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu kama ningekuwa naye.

"Karibu, bibi. Unajisikiaje?"

"Chakula kimenikwama."

"Tangu lini?"

"Tangu msiba wa mume wangu."

Akaweka kalamu chini.

"Bibi, hicho siyo chakula."

Basi. Sentensi moja hiyo. Nililia mpaka nikaona haya, naye hakuniambia nyamaza. Alinisogezea tishu akakaa. Hakuna aliyewahi kukaa tu.

Alinipima. Alinionyesha picha, akaniambia nihesabu kurudi nyuma, akanitajia vitu akaniuliza baadaye. Vingine nilivipata taratibu, lakini nilivipata.

"Hupotezi kumbukumbu," akasema. "Umeshikwa na sonona. Inawashika wazee wengi. Inachukua usingizi, inachukua hamu ya kula, inachukua utulivu wa kichwa, mpaka mtu anaonekana kama anasahau. Inatibika. Herufi zako hazijaenda popote, bibi."

"Dokta, nikimeza dawa zako, sitakuwa nimemkosea Mungu?"

"Miwani uliyovaa ulimkosea?"

Nikachukua dawa.

*

Nilimpigia Tae-seop simu nikiwa bado kituo cha basi. Nilidhani atafurahi. Ujinga wangu huo.

"Mwanangu! Siyo kusahau! Daktari amesema ni sonona!"



"Daktari gani?"

Nikamwambia.

"Mama! Nani amekuona? Ulitumia jina lako?" Akashusha sauti, kumbe yuko ofisini. "Mama, unajua binti yangu Ji-wan anachumbiwa. Wakwe ni watu wa kuchunguza. Wakisikia bibi yake yuko kwa daktari wa vichaa! Afadhali basi ingekuwa kusahau!"

Nilimzaa mimi huyo. Nilitembea pekupeku ili yeye asome. Na msomi wangu anaomba mama yake awe anapoteza ubongo, kwa sababu ubongo uliopotea hauharibu posa.

"Kitanda kimeshalipiwa," akamalizia. "Tuzungumze sikukuu ikifika."

Nikazima simu. Nikameza kidonge cha kwanza pale pale kituoni, kwa maji ya chupa, nikiomba.

Kisima hakijai kwa ndoo moja, na dawa ile haikufanya kazi kwa siku moja. Wiki za kwanza mdomo ulikauka na kichwa kikawa kizito. Halafu siku moja nikajikuta nimemaliza bakuli la wali. Siku nyingine nikaamka, nikagundua nililala. Na siku moja ndani ya basi macho yakaangukia maandishi juu ya mlango, yakajisoma yenyewe kabla sijayaita: "Usisimame kabla basi halijasimama."

Nilifurahi nikasimama. Dereva akanifokea.

*

Haya. Sasa tufike kwenye ngazi.

Siku ya soko ya mwisho kabla ya Mwaka Mpya nilishuka ya pili kama kawaida, nikasukuma mlango wa ngazi. Juu yangu nasikia viatu. Tap tap tap tap. Vyepesi. Mtu anashuka kama mbuzi.

Nikainua kichwa.

Shemasi Pyo.

Shemasi Pyo, ambaye kwa ajili ya magoti yake kanisa zima lilihamisha chumba cha maombi kutoka juu kuja chini! Shemasi Pyo anayebebewa kiti! Yuko kwenye ngazi, hashiki hata chuma cha pembeni.

Tukatazamana.

"Nimepotea ghorofa," akasema.

"Na dawa mkononi?"

Akaitazama bahasha ya dawa kama imemrukia yenyewe. Akaisukuma ndani ya mkoba. Halafu uso wake ukalegea, nikamwona alivyo, kizee kama mimi.

"Tangu lini, Shemasi?"

"Tangu enzi za mchungaji aliyepita."

Aisee! Huyo mchungaji aliyepita alishazeeka akastaafu!

"Kwa hiyo ulinichoma sindano vidole vyote," nikasema, "ukanipaka pilipili machoni, ukamwambia mwanangu kichwa changu kinaondoka, na huku unajua! Unajua kabisa!"

"Shusha sauti, Mama Tae-seop."

"Sishushi!"

"Ungelia bafuni!" akanifokea kwa kunong'ona. "Mimi nalia bafuni, nafungulia maji. Wewe ukaja kulia katikati ya uwanja wangu mbele ya Mama Dong-pil! Ningesema nini? Ningesema naijua hiyo, ina dawa? Wangeniuliza nimejuaje."

Akanishika mkono.

"Hujaniona, sijakuona. Sawa, mdogo wangu?"

Nikauondoa mkono wake, nikapita.

*

Sikukuu ikafika. Tukala supu ya tteok, ile mikate laini ya mchele, Tae-seop akasujudu kwa mababu na kwangu. Kesho yake akaniambia nifunge sanduku. Lakini kwanza, kwa adabu, akapita ukumbini kuwasalimia wazee.

Alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Kisha akamgeukia Shemasi Pyo.

"Shemasi, wewe ndiye uliyekuwa karibu naye. Mama ana hali gani? Niambie ukweli."

Kila mtu akaacha karata. Neno la Shemasi Pyo kwa mwanangu lilikuwa na uzito kuliko langu.

Shemasi Pyo akanitazama. Akatabasamu.

"Amepona," akasema. "Mungu ni mwema. Niliomba, nikamchoma sindano, ugonjwa wa kusahau ukamtoka. Anasoma kuliko mimi. Wapi unampeleka mtu mzima?"

"Haleluya!" wakaitikia.

Tae-seop akapumua mpaka mabega yakashuka. "Kwa hiyo haina haja…"

"Haina haja!"

Mnaona? Nimeokoka. Nyumba yangu imebaki. Nilichotakiwa ni kufunga mdomo na kula kipande cha peasi.

Nikakitia mdomoni, jamani. Nilikitia.

Lakini Shemasi Pyo alishalewa sifa. "Mtu akiwa na imani, hakuna cha daktari!" akaendelea. "Hata huyu Mama Ui-cheol, tazameni alivyokonda, hali, halali. Chakula kimemkwama. Njoo hapa, mdogo wangu. Leteni sindano."

Mama Ui-cheol akanyoosha mkono bila ubishi. Mkono ule ulikuwa mwembamba, nikaona jinsi usivyotetemeka. Nikauelewa. Ni mkono wa mtu ambaye haoni tena tofauti kati ya kuchomwa na kutochomwa.

Wakaanza kumfunga uzi.

Nikatema peasi.

"Mwacheni!"

Nikaidaka sindano. "Hajakwamiwa na chakula. Wala mimi sikuponywa na sindano. Nilikwenda mjini, ghorofa ya tatu. Kwa daktari wa akili. Nameza dawa yake kila asubuhi na namshukuru Mungu aliyenipeleka. Naye ataenda, nitampeleka mimi."

Tae-seop akafumba macho. "Mama…"

"Ghorofa ya tatu?" Mama Dong-pil akapiga mikono. "Wazimu! Mbele ya watu anasema!"

"Tena," nikasema, nikiwa nimeshaungua nikaona bora niteketee, "pale kwenye ngazi nilikutana na mmoja wenu humu. Simtaji. Anajijua."

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo sikulitegemea hata kidogo.

"Nilikuwa namsindikiza dada yangu!" akaropoka Mama Dong-pil.

"Daktari wa mifupa ndiye aliyesema nipande ngazi, ni mazoezi!" akapiga kelele mwingine aliyekaa karibu na dirisha.

"Mimi nilikwenda mara moja tu! Tena ilikuwa ya usingizi, siyo ya kichwa!"

"Nilidhani ni choo!"

Wote kwa wakati mmoja.

Kisha wakasikiana.

Nikawatazama mmoja mmoja, wekundu kama pilipili za kuanika. Ukumbi mzima! Miaka yote hiyo wanasengenyana kwa wazimu, na wote wanapishana kwenye ngazi zile zile, kila mmoja anasubiri mwenzake apotee ndipo naye apande.

Mmoja tu alikaa kimya. Yule niliyekutana naye.

Tae-seop alisimama. "Mama, chukua koti. Twende."

Nilijua anamaanisha kitanda.

"Kaa chini, Tae-seop," Shemasi Pyo akasema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Huendi naye popote."

"Shemasi, umesikia mwenyewe alichosema."

"Nimesikia. Ukimbeba huyu kwa sababu ya ghorofa ya tatu, keshokutwa wanetu wote watasikia, magari yatapanga foleni hapa mpaka darajani. Utatubeba wote? Kirudishe hicho kitanda."

"Kirudishe!" akasema Mama Dong-pil.

"Kirudishe!" wakasema wote, na vibibi ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya kipimo cha chumvi wakasimama mlangoni, bega kwa bega, kumzuia mwanangu asitoke nami.

Msinielewe vibaya. Hawakunitetea mimi. Walikuwa wanatetea vitanda vyao wenyewe. Lakini nilibaki nyumbani kwangu, na Mungu anajua kutumia hata waoga.

*

Tae-seop alirudisha kitanda. Ji-wan akaolewa. Kwenye arusi hakuna mkwe aliyeuliza habari za damu ya mtu. Waliuliza nani atasimama katikati kwenye picha.

Mama Ui-cheol nilimpeleka kama nilivyosema. Sasa anakula, na kwenye imla ya darasa la jioni ananishinda, jambo ambalo naomba nisilionee wivu.

Shemasi Pyo hajaniomba radhi mpaka leo. Bado anakaa mbele, bado anaongoza maombi, bado magoti yanamsumbua wakiwepo wageni. Namwombea kila alfajiri. Siyo kila siku kwa moyo mweupe, ila namwombea.

Mafunzo yangu ni haya, na nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe bila kuandikiwa na mtu.

Mzee wako nyumbani akinyamaza ghafla, usifurahi kwamba ametulia. Akisema kifua kizito, tumbo limejaa, kichwa hakishiki, usikimbilie kusema ni uzee. Mkalishe umuulize, na ukishamuuliza ukae tu umsikilize. Kisha mpeleke kwa daktari mchana, kwa mlango wa mbele, kwa jina lake.

Na umwombee. Umwombee kabla, umwombee njiani, umwombee akimeza dawa.

Mungu hamwonei daktari wivu. Wenye wivu ni mashemasi.